Kusoma mawe ya Arrowtown

Anayetembezwa kando ya kijito cha Bush Creek, mjini Arrowtown, New Zealand, huoneshwa kwanza vibanda vya wachimbaji wa Kichina. Ni vyumba vidogo vya mawe, vingine vimeegemezwa kwenye mwamba ili kupunguza kazi ya kujenga ukuta. Kiongozi anayeijua kazi yake haishii hapo. Huwapeleka wageni hadi kwenye marundo ya mawe.

Dhahabu ilipatikana katika mto Arrow mwaka 1862, Wazungu wakamiminika. Miaka michache baadaye wengi walikimbilia machimbo mapya ya pwani ya magharibi. Wafanyabiashara wa mji wa Dunedin, walipoona soko linadorora, wakawaalika Wachina. Kufikia mwishoni mwa 1869 zaidi ya 2,000 walikuwa wamewasili, wengi wao wakitoka jimbo la Guangdong. Ardhi waliyoikuta ilikuwa imekwisha kuchimbwa, hivyo sehemu kubwa ya kazi yao ikawa kuosha upya mabaki, yale ambayo wachimbaji wadogo wa Geita, Tanzania, huyaita marudio.

Maji yaliletwa kwa mfereji na kuelekezwa kwenye udongo. Tope likateremka hadi kwenye sanduku refu lenye vizuizi chini yake. Dhahabu, yenye uzito mara 19 ya maji, ikanasa, mchanga ukaenda zake. Mawe makubwa hayakusombwa: yalitolewa kwa mikono na kupangwa pembeni ili mkondo wa tope usizibe.

Tatizo ni kwamba watembezaji wengine huuita kila ukuta nadhifu "wa Wachina", ilhali Wazungu nao walipanga mawe hivyohivyo. Jibu la nani aliupanga ukuta hutoka kwenye vitu vilivyo karibu nao: kigae cha bakuli la wali, sarafu ya shaba yenye tundu, sakafu ya kibanda. Vitu vya namna hiyo ndivyo vilivyowawezesha wanaakiolojia waliochimbua kijiji cha vibanda hivyo vya Wachina mwaka 1983 kueleza maisha ya wakazi wake, ambao serikali iliwabana kwa kodi ya kichwa: pauni 10 kwa kila Mchina aliyeingia nchini kuanzia 1881, kisha pauni 100 mwaka 1896. Serikali iliomba radhi mwaka 2002.

Kwa hiyo ukiona kigae njiani, kiache. Sheria ya nchi hiyo hulinda mabaki ya kabla ya 1900, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kutuambia ukuta ulio kando yake ulipangwa na nani.