Noah ya zamani ikimaliza maji ya rejeta

Toyota Noah za mwaka 2001 hadi 2007 bado zinabeba familia nyingi. Maji ya rejeta yakipungua mara kwa mara, huenda ni mpira uliopasuka au pampu ya maji, kazi ndogo. Lakini injini yake ya lita 2 ina udhaifu ambao mafundi wanaujua: bloku ni ya aluminiamu, na nyuzi za mashimo ya bolti za silinda hedi huliwa, hasa upande wa nyuma. Anayeongeza maji tu na kuendelea na safari huchemsha injini hadi hedi ipinde. Kabla ya kulipia gasketi mpya, wenye magari wanashauriwa kumtaka fundi akague nyuzi hizo. Zikiwa zimeliwa, gasketi haitadumu, na kazi italipiwa mara mbili.