Kumwona na kumtambua: ushahidi wa macho unavyopimwa katika kesi za mauaji

Kesi ya mauaji inaposikilizwa na Mahakama Kuu mjini Moshi, Jamhuri hutakiwa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka, kwamba mtu amekufa kifo kisicho cha kawaida, kwamba aliyemuua alikuwa na nia ovu, na kwamba aliyetenda hayo ni mshtakiwa aliyesimama kizimbani. Kifo huthibitishwa na taarifa ya daktari aliyeuchunguza mwili. Nia ovu huonekana katika silaha iliyotumika, sehemu ya mwili iliyojeruhiwa na mwenendo wa mtuhumiwa. Utambuzi wa mtendaji ndio ambao mara nyingi huangusha kesi.

Baadhi ya wananchi hushangaa mshtakiwa anapoachiwa huru ilhali jirani ameapa kwamba alimwona. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haidai idadi maalumu ya mashahidi. Hata mmoja anaweza kutosha. Hata hivyo, shahidi mkweli kabisa anaweza kumfananisha mtu, na kosa la namna hiyo halionekani usoni mwake anapojibu maswali. Ndiyo maana mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka mmoja tu kabla, ilieleza katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri kwamba ushahidi wa aina hii ni dhaifu na usitumike kutia hatiani hadi uwezekano wote wa makosa uondolewe. Mahakama huuliza shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mwanga upi, na kama alimfahamu kabla.

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika vihamba vya Kibosho, Marangu au Rombo, ambako nyumba huzungukwa na migomba na kahawa, na giza la usiku huwa zito. Kusema tu kwamba palikuwa na mwanga hakutoshi. Shahidi hana budi kueleza kama ulitoka kwenye taa ya umeme, kibatari, tochi au mbalamwezi, ulikuwa na ukali gani, na ulimulika upande upi. Tochi iliyoshikwa na mvamizi humpofusha anayemulikwa kuliko kumsaidia kuona.

Kufahamiana husaidia, lakini hakumalizi hoja, kwani watu hukosea hata kwa ndugu zao. Hapo mahakama hutazama jambo jingine: je, shahidi alimtaja mtuhumiwa mapema? Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita na mwenzake, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kumtaja mtuhumiwa katika fursa ya kwanza kabisa ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwa shahidi. Anayemjua muuaji, akakaa kimya wiki mbili huku akiwaona mwenyekiti wa kitongoji na polisi kila siku, ataulizwa sababu; asipokuwa nayo, ushahidi wake hupungua nguvu.

Mchana nao una matatizo yake. Mfanyabiashara wa tanzanaiti, Erasto Msuya, aliuawa kwa risasi mchana wa tarehe 7 Agosti 2013 eneo la Mjohoroni, wilayani Hai, na Mahakama Kuu Moshi ikatoa hukumu Julai 2018. Katika tukio la saa kama hiyo swali la mwanga huondoka, lakini la kumfahamu mhusika hubaki pale ambapo watendaji ni wageni machoni pa walioshuhudia.

Kwa mgeni, polisi huandaa gwaride la utambuzi. Mtuhumiwa mmoja huchanganywa na watu wasiopungua wanane wanaolingana naye kwa umri, kimo na mwonekano. Shahidi hapaswi kumwona mtuhumiwa kabla ya gwaride, na anapaswa awe ameeleza mapema, katika maelezo yake polisi, umbo, rangi na mavazi ya aliyemwona. Kumnyooshea kidole kizimbani kwa mara ya kwanza, bila gwaride kutangulia, hakuna thamani kubwa, kwa kuwa anayekaa kizimbani anajulikana na kila aliyemo ukumbini.

Kwa shahidi anayehofia usalama wake, ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.