Kilo Zikiisha, Lengo Lisiishe

Wengi wanaopunguza uzito huwa na lengo moja tu: namba. Nina kilo 92, nataka 75. Namba hiyo inaweza kumwamsha mtu alfajiri miezi kadhaa, ila siku anapoifikia lengo limekwisha, na mara nyingi mazoezi huishia hapohapo.

Hapo ndipo yanapohitajika zaidi. Mwili uliopungua hutumia nishati kidogo kuliko zamani, na njaa huongezeka. Mwaka 2016 mtafiti Kevin Hall na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la The Biggest Loser. Miaka 6 baada ya shindano, karibu wote walikuwa wamenenepa tena kwa kiasi fulani, na miili yao, ikiwa imepumzika, ilitumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Walioweza kuzuia kilo zisirudi ni wale walioongeza sana shughuli za mwili. Chakula ndicho hasa kinachoshusha uzito. Mazoezi huuzuia usipande tena.

Kwa hiyo ukiwa bado unapunguza, jipangie malengo ya nguvu. Mafuta hayaondoki peke yake, misuli nayo huenda, hasa kwa anayejinyima chakula bila kufanya mazoezi ya kuikaza. Shirika la Afya Duniani linashauri mazoezi ya misuli angalau siku 2 kwa wiki. Huhitaji gym. Hesabu mara ngapi unaweza kuinuka kitini kwa sekunde 30 bila kushika popote, au pushapu ngapi unaziweza ukiegemea ukuta, kisha meza, kisha sakafuni. Andika daftarini. Wiki ambayo mizani imegoma, pengine kwa sababu ya maji tu au hedhi, daftari litakuonyesha kwamba mwili unasonga mbele.

Mbio ndefu zisubiri. Kujiandaa kwa kilomita 42 huku umepunguza mlo ni kujitafutia majeraha na uchovu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kwanza, maana dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno kwa mwili mpya.

Ukibakiza kilo tatu au nne, chagua lengo linalofuata. Usingoje ufike. Kushikilia uzito huhitaji dakika 200 hadi 300 za mazoezi kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba, na dakika nyingi hivyo huvumilika zikiwa na mahali zinapoelekea. Kilimanjaro Marathon hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na ina mbio za kilomita 5. Anayemaliza kupungua mwezi Oktoba ana muda wa kutosha kuanza kwa kutembea haraka na kufika Moshi akiwa anakimbia.