Shampeni ni Jina la Mahali

Ndugu msikilizaji, katika harusi zetu za mjini chupa yoyote inayofunguka kwa mlio mkubwa huitwa shampeni, hata kama ndani mna juisi ya matofaa. Lakini Champagne ni jina la mahali, na wakulima wa huko waliwahi kuchoma maghala moto kwa ajili ya jina hilo.

Mahali penyewe pako kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, kwenye miji ya Reims na Epernay. Mamilioni ya miaka iliyopita palikuwa chini ya bahari. Magamba ya viumbe wadogo yakalundikana, yakawa chokaa nyeupe, laini kama chaki. Chokaa hiyo hunyonya maji ya mvua na kuyatoa polepole wakati wa ukame, na maji ya ziada huyapitisha chini. Hivyo mzabibu haufi kiu wala mizizi yake haiozi.

Jambo la pili ni baridi. Wastani wa joto kwa mwaka ni nyuzi 11 hivi, na zabibu huvunwa zikiwa bado na uchachu. Zamani, baridi kali ililaza hamira kabla haijamaliza sukari yote. Joto liliporudi, hamira iliamka ndani ya chupa na kutoa gesi. Chupa zilipasuka ovyo! Mtawa Dom Pérignon, aliyetunza mvinyo huko Hautvillers tangu 1668 hadi alipofariki 1715, husifiwa kuwa ndiye aliyevumbua mapovu. Ukweli ni kwamba wakati wake mapovu yalihesabiwa kuwa kasoro. Zilipopatikana chupa nene za kuhimili msukumo huo, kasoro ikageuka sifa. Nayo mashimo ya kale ya kuchimbia mawe ya chokaa, chini ya mji wa Reims, yakawa ghala lenye ubaridi usiobadilika mwaka mzima.

Sifa ikaleta tamaa. Baadhi ya wafanyabiashara walinunua zabibu za bei nafuu kutoka mikoa mingine, wakauza mvinyo wake kwa jina la Champagne. Wakulima, waliokuwa wameumizwa na mavuno mabaya ya 1910, walishindwa kuvumilia. Mwaka 1911 walivamia maghala, wakamwaga mvinyo, na huko Ay wakachoma majengo. Serikali ikapeleka askari. Wakulima wa Aube, waliotengwa nje ya mipaka, nao waliandamana. Ni sheria ya 1927 iliyomaliza ugomvi kwa kuweka mipaka mipya, na Aube ikaingizwa ndani.

Leo joto limeongezeka na mavuno huanza mapema kuliko zamani. Hata kusini mwa Uingereza, kwenye chokaa ya aina hiyo hiyo, watu hutengeneza mvinyo mzuri wenye mapovu. Ila hawaruhusiwi kuuita Champagne. Mkulima asiyelinda jina la zao lake, ndugu msikilizaji, atalima yeye na wengine watavuna.