Saa ya Bibi na Pini ya Sumaku

Ramadhani moja mimi na mama tulikuwa njiani tukitoka shamba kurejea Mji wa Kale, mbali na kila mnara. Wingu zito lilikuwa limelifunika jua, na simu zetu zilikuwa zimekwisha chaji. Mama akaitazama saa aliyovaa mkononi, saa ya kutia ufunguo aliyoirithi kwa marehemu bibi, akaniambia wakati umewadia. Tukafuturu kwa tende na maji. Tulipoufikia mtaa wa kwanza wenye msikiti, adhana ya magharibi ndiyo kwanza inaanza. Saa ya bibi ilikuwa imetangulia kwa dakika 13.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani, mwenye kufuturu akidhani jua limetua, kisha ikabainika kuwa halijatua, humpasa kuilipa siku hiyo. Tuliilipa. Lakini swali lilibaki: saa iliyokwenda sawa miaka yote ile, imeharakishwa na nini?

Baada ya Idi nikaipeleka kwa fundi saa mmoja, mzee wa hapa mjini. Kabla hajashika bisibisi, alitwaa dira ndogo akaisogeza karibu na saa. Sindano ya dira ikageuka. Kisha akautazama mtandio wangu, akaniuliza kama mama naye hutumia pini za sumaku. Hapo nikakikumbuka kisanduku cha mama: pini na saa hulala humo pamoja kila usiku.

Mzee yule hakuwa mchoyo wa elimu yake. Ndani ya saa ya ufunguo mna utepe wa chuma uliozongwa. Unapoitia saa ufunguo, utepe hukazwa, nao ukilegea huyasukuma magurudumu. Kinachopima mwendo ni gurudumu la mizani, linaloyumba huku na huku kwa nguvu ya springi nyembamba kama unywele. Saa nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 5 kila sekunde. Springi ile ikishikwa na sumaku, mizongo yake hugandamana, ikawa kama iliyofupishwa, na saa ikakimbia. Dawa yake ni nyepesi: fundi huipitisha kwenye chombo cha kuondolea sumaku, kazi ya muda mfupi tu.

Akaniusia na mengine, nami nawafikishia akina mama na akina dada.

Saa isiwekwe juu ya spika, wala karibu na mkoba wenye kifungo cha sumaku. Marashi na udi vitangulie, saa ivaliwe baadaye, kwani mafuta na moshi huharibu ukanda wa ngozi. Maandishi ya mita 30 nyuma ya saa si ruhusa ya kuogelea nayo. Maana yake ni kuwa yastahimili matone ya mvua au ya udhu. Ukiona ukungu ndani ya kioo, usingoje: unyevu wa bahari yetu una chumvi, na kutu haichelewi. Ipeleke siku hiyo hiyo.

Saa yenye tarehe isibadilishwe tarehe yake kwa mkono baina ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwani wakati huo meno ya gurudumu la tarehe huwa yameshikana, na yaweza kuvunjika. Saa ya betri isiyovaliwa itolewe betri, isije ikavuja na kuila mitambo. Na saa ya ufunguo isafishwe na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka mitano hivi, hata ikiwa bado yatembea.

Kuutunza wakati kwa ajili ya ibada ni kazi yenye heshima ya kale katika Uislamu. Ibn al-Shatir alikuwa muwakkiti wa Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, yaani mpimaji wa nyakati za sala, na mwaka 1371 aliutengenezea mnara wake saa kubwa ya jua. Hata hapa Mombasa jua lina hesabu yake. Saa za Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, nasi tuko karibu na digrii 39 na theluthi mbili. Kila digrii ni dakika 4. Ndiyo maana, kwa wastani, jua hufika kilele chake kwetu dakika 21 hivi baada ya saa sita mchana. Mwanzoni mwa Novemba huwa ni kama dakika 5 baada ya saa sita, na katikati ya Februari hupita saa sita na nusu. Saa ya mkononi ni mtumishi wa jua, wala si bwana wake.

Nilipokuwa nikitoka, mzee alinionyesha droo iliyojaa saa zilizoachwa na wenyewe, amana asizoweza kuziuza wala kuzitupa. Ikiwa nawe uliacha saa ya baba au ya bibi kwa fundi, nenda kaichukue, nawe ufuatane na mwanao ayasikie mapigo yake.

Saa ya mama sasa inakwenda sawa. Pini zina kisanduku chao, na kila jioni mama huilinganisha saa na adhana kabla ya kuitia ufunguo.