Ndege ya viti vinne juani Haydom (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliieleza Bearhawk, ndege aliyoibuni Mmarekani Bob Barrows ili mtu aijenge mwenyewe: kiunzi cha mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kufunikwa kitambaa, mabawa ya alumini, na gurudumu dogo chini ya mkia. Leo tuilete Haydom, wilayani Mbulu.

Haydom iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua likipanda huzidi kuwa nyepesi. Saa nane mchana, joto likifika nyuzi 25, injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba viko karibu mita 2,500. Injini ya kawaida ya nguvu farasi 180 hapo hubakiwa na kama 137. Panga la injini nalo lina hewa kidogo ya kuvuta. Ndege hukimbia mbali kabla ya kunyanyuka, kisha hupanda polepole, na vilima haviko mbali. Rubani mwenye busara huondoka asubuhi na mapema, tena huacha nyuma mzigo ambao vitabu vingemruhusu kuubeba kule pwani.

Ndiyo maana nautukuza wepesi wa Bearhawk kuliko ukubwa wa injini yake. Ikiwa tupu ina kilo 600 hivi, nayo huruhusiwa kuruka ikiwa na uzito wa jumla wa kilo 1,130. Mafuta yakijaa yanachukua kama kilo 140, watu wanne 300 na zaidi. Begi la dawa bado linapata nafasi.

Gurudumu la mkiani huinua panga mbali na kokoto za kiwanja cha changarawe. Lakini upepo wa ubavuni ukivuma, mkia hutaka kuzunguka mbele, na miguu ya rubani haipumziki hadi ndege isimame. Karibu na Mlima Hanang, wenye mita zaidi ya 3,400, upepo ukishavuka kilele hushuka kwa nguvu upande wa pili na kuikandamiza ndege. Hapo injini iliyopungukiwa nguvu haishindani. Rubani hukaa mbali.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa Bearhawk itachukua nafasi ya ndege za shirika la kimisionari la MAF zinazohudumia kliniki za mbali za Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Nchini Marekani kwenyewe, ndege iliyojengwa na mmiliki mwenyewe hairuhusiwi kubeba abiria kwa malipo. Inamfaa mwenye shamba au mtafiti anayeirusha mwenyewe.

Juma lijalo: kuchomelea kiunzi.