Waya wa Ardhi Upimwe

Mto wa Ruiru ulianza kuupatia mji wa Nairobi umeme mwanzoni mwa karne ya 20. Leo umeme umeenea katika nyumba nyingi za Ruiru na Thika, hata karibu na maporomoko ya Chania. Wenye nyumba wengi, wakiona taa inawaka, hudhani kazi ya fundi imekwisha. Sivyo. Taa huwaka hata kama waya wa ardhi umekatika.

Tuseme waya wenye umeme umechubuka ndani ya pasi, ukagusa chuma chake. Waya wa ardhi hauna budi kuurudisha umeme huo kwenye transfoma kwa wingi, ili swichi ijikate katika sekunde 0.4 au pungufu.

Fundi huipima njia hiyo yote kwa omu. Umeme wetu ni wa volti 240. Njia ikiwa na omu 1, zitapita ampea 240, na swichi ya kawaida ya ampea 32, ambayo hujikata mara moja kwa ampea 160, itakatika. Lakini nondo ikiwa katika udongo mkavu, au kiungo kikilegea, njia yaweza kuwa na omu 20. Hapo zitapita ampea 12 tu. Swichi haitajikata, na atakayeishika pasi aweza kufa.

Penye ardhi ya namna hiyo itiwe swichi ya umeme unaovuja, ambayo hukata kwa miliampea 30.

Basi, kabla ya kumlipa fundi, mwulize: “Umepata omu ngapi?” Naye akuandikie jawabu.